Smalls: Mtumwa aliyetunga sheria ya shule

Wanafunzi wetu wanapofundishwa historia ya watu weusi wa Marekani, aghalabu hutajiwa Martin Luther King na kuachiwa hapo. Ni wachache walijualo jina la Robert Smalls, ilhali maisha yake yana funzo adhimu kwa kila anayeshika chaki au kalamu. Mimi ni mwalimu wa isimu, na lililonivuta kwake ni hili: sheria ilimnyima kusoma, naye akaja kuwa mtunga sheria aliyepigania haki ya kila mtoto kusoma.

Alizaliwa mwaka 1839 mjini Beaufort, katika jimbo la South Carolina. Mamake, Lydia, alikuwa mtumwa wa nyumbani, hivyo mtoto naye akazaliwa mtumwa. Tangu 1834, jimbo hilo lilikuwa na sheria iliyoharamisha kumfunza mtumwa kusoma na kuandika. Lugha ya watu wake ilikuwa Kigullah, iliyozaliwa kwa kukutana kwa Kiingereza na lugha za Afrika, zikiwemo za Kibantu kama Kikongo. Mwanaisimu Lorenzo Dow Turner alilithibitisha hilo katika kitabu chake cha mwaka 1949. Kabla ya hapo, wasomi wengi waliidharau kuwa Kiingereza kilichovunjwavunjwa na wajinga.

Akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, Smalls alipelekwa Charleston kufanya kazi za kibarua, na sehemu kubwa ya ujira wake ikawa ya bwana wake. Huko aliijua bandari kama kiganja cha mkono wake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, alifanywa mshika usukani wa meli ya Planter, iliyowatumikia waasi waliotaka utumwa uendelee. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, maofisa wazungu wakiwa wamelala mjini, aliing'oa nanga. Alivaa kofia ya nahodha, akapiga honi za ishara mbele ya ngome ya Sumter, akapita. Kisha akatweka shuka nyeupe na kuikabidhi meli kwa wanamaji wa serikali ya Muungano. Watu kumi na sita, mkewe na watoto wakiwa miongoni mwao, wakawa huru.

Wengi huikomesha hadithi hapo. Mimi naona kwamba ndipo inapoanzia. Ushujaa wa usiku mmoja ni jambo moja, na subira ya kukaa bungeni miaka na miaka ni jambo jingine. Smalls alijifunza kusoma ukubwani kwa msaada wa walimu aliowalipa mwenyewe. Vita vilipokwisha alikuwa tayari ameinunua nyumba ya aliyekuwa bwana wake, iliyouzwa kwa sababu ya kodi.

Mwaka 1868 alikuwa mjumbe wa mkutano wa kuiandika upya katiba ya jimbo. Humo alitoa pendekezo la kuwepo shule za umma zisizo na malipo. Katiba iliyopitishwa iliagiza shule za aina hiyo kwa watoto wote bila kubagua rangi. Mwaka huo huo alichaguliwa katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, ambamo weusi walikuwa wengi, na mwaka 1870 akaingia Seneti. Kuanzia 1875 alikwenda Washington, katika Bunge la taifa, alikohudumu kwa vipindi kadhaa.

Bayana ni kwamba njia haikunyooka. Mwaka 1877, mahasimu wake waliporejea madarakani jimboni, alishtakiwa kwamba alipokuwa seneta alipokea hongo ya dola 5,000 kuhusu zabuni ya uchapishaji. Alitiwa hatiani, kisha mwaka 1879 gavana akamsamehe, katika mapatano yaliyofuta pia mashtaka ya uchaguzi dhidi ya wazungu wa chama pinzani. Msomaji ataamua mwenyewe kama huo ulikuwa mwendo wa haki au wa siasa.

Pigo kuu lilikuja mwaka 1895, katika mkutano mwingine wa katiba. Wajumbe weusi walikuwa sita tu kati ya zaidi ya mia moja na hamsini. Katiba mpya ilimtaka mpiga kura asome au aeleze kifungu cha katiba mbele ya msajili, na msajili alikuwa mzungu. Smalls alipinga kwa hoja, akashindwa kwa kura, akakataa kuitia sahihi. Alifariki Beaufort mwaka 1915, katika nyumba ile ile aliyoinunua.

Hapa ndipo kiini cha makala yangu. Kusoma kulikokusudiwa mwaka 1868 kuwa mlango, mwaka 1895 kuligeuzwa kuwa kufuli. Nasi twalijua kufuli hilo. Waafrika wa Kenya walipowachagua wabunge wao kwa mara ya kwanza mwaka 1957, haki ya kura ilipimwa kwa elimu, kipato na mali, hata mtu mmoja akaweza kupewa kura tatu na jirani yake asipate hata moja.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tunapomsahihisha mwanafunzi lugha yake, tujiulize iwapo tunamfungulia au tunamfungia. Elimu iliyo haki ya wote hujenga raia. Ikifanywa kipimo cha nani ni mtu na nani si mtu, huwa utumwa kwa jina jingine.