Mekatilili wa Menza: Mama Mjane Aliyerudi Nyumbani kwa Miguu

Somo: Waamuzi 4 na 5, Yakobo 1:27

Jumapili hii tunasoma habari za Debora, mama aliyewaamua watu wake, akawaamsha waende vitani, kisha akaimba. Kabla hujafungua mahubiri yenyewe, hebu tumkumbuke mama mmoja wa hapa kwetu Kenya.

Jina lake la kuzaliwa ni Mnyazi, binti wa Menza, Mgiriama wa pande za Ganze, Kilifi. Alizaliwa katika karne ya 19, msichana pekee kati ya ndugu wa kiume. Kaka yake mmoja alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa na hakuonekana tena. Alipompata mwanawe Katilili, watu wakamwita Mekatilili, yaani mama yake Katilili, vile sisi husema Mama Wafula au Mama Emojong.

Mwaka 1912 serikali ya Mwingereza ilimleta Arthur Champion kuwasimamia Wagiriama. Alitaka kodi ya nyumba, na alitaka vijana waende kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu. Hayo si mageni kwetu: babu zetu huku magharibi walilipa kodi hiyo hiyo, na wengi walichukuliwa kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza.

Wakati huo Mekatilili alikuwa mjane, umri umeshasonga. Hakuwa na cheo wala bunduki. Alichokuwa nacho ni sauti na miguu. Alitembea kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu wakimfuata. Wakishakusanyika, ndipo anawaambia wasiwatoe watoto wao. Husimuliwa kwamba alimleta kuku mwenye vifaranga mbele ya Champion, akamwambia ajaribu kuchukua kimoja. Mzungu akanyosha mkono, kuku akamdonoa. Hapo hapakuhitaji mkalimani.

Mwaka 1913 Wagiriama walikutana Kaya Fungo wakala kiapo cha kutoshirikiana na serikali. Viapo vile vilikuwa vya mila yao, na sisi hatuvifundishi. Lakini historia tunaisema ilivyokuwa.

Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii wakae huko miaka mitano. Ilikuwa mbali makusudi, ili wasahaulike. Lakini Januari 1914 wakatoroka, wakaanza safari ya kurudi pwani. Wewe ukipanda basi la usiku kutoka Busia mpaka Mombasa, unashuka miguu imevimba. Huyu mama alitembea zaidi ya kilomita 700, msituni na nyikani, na akafika.

Agosti 1914 akakamatwa tena. Mwezi huo huo serikali ikalipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, nyumba zikachomwa na watu wengi wakauawa. Bei ilikuwa kubwa. Mwaka 1919 yeye na Wanje waliruhusiwa kurudi, naye akaongoza baraza la wanawake mpaka alipofariki katikati ya miaka ya 1920. Kaburi lake liko Bungale, Magarini, na mjini Malindi amesimamishiwa sanamu.

Sasa, wapendwa, tujiulize. Mama huyu angekuwa kijijini kwetu leo, tungempa nafasi ya kusema? Tunajua vile mambo huenda. Matanga hayajaisha, mashemeji wameanza kupima shamba. Mjane akiuliza, anaambiwa anyamaze, hayo ni ya wanaume. Na wengine wanaofanya hivyo Jumapili wako kanisani, wameinua mikono.

Yakobo anasema wazi kwamba dini iliyo safi ni kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao. Kuangalia si kumpelekea sukari kilo moja Krismasi tu. Ni kusimama naye kwa chifu mpaka wa shamba lake ukisogezwa. Ni kumsikiliza kwenye kikao na kuyachukua maneno yake kwa uzito.

Wiki hii, kila ushirika wa nyumbani umtembelee kukhu mmoja. Muulize alitembea wapi, aliimba nini, alilea nani. Tusingoje siku ya mazishi ndipo tusome historia yake kwa karatasi, yeye mwenyewe hasikii.