Samuel Colt na Bastola za Zawadi

Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Katika karne ya kumi na tisa, wafanyabiashara wachache waliielewa hekima hiyo kama Samuel Colt, mtengenezaji wa bastola aliyezaliwa tarehe 19 Julai 1814 mjini Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani.

Colt hakulelewa katika raha. Mamake alifariki yeye angali mtoto, na biashara ya babake ikaporomoka. Alipokuwa kijana, alizunguka mijini akiwaonyesha watu kwa malipo gesi ya kuchekesha, ili apate fedha za kuwalipa mafundi wa kuunda bastola aliyoibuni. Mnamo tarehe 25 Februari 1836 alipewa hataza ya Marekani. Bastola hiyo ilikuwa na silinda inayozunguka, hivyo mpigaji aliweza kufyatua risasi kadhaa kabla ya kushindilia baruti upya. Hata hivyo, kiwanda chake cha kwanza, kilichokuwa Paterson, New Jersey, kilifungwa mwaka wa 1842 kwa uhaba wa wanunuzi. Aliinuka tena mwaka wa 1847, jeshi la Marekani lilipoagiza bastola 1,000 wakati wa vita dhidi ya Mexico.

Anguko la Paterson lilimfunza kwamba ubora pekee haukutosha kuiuza silaha. Aliwaajiri mafundi wa nakshi, miongoni mwao Gustave Young, mzaliwa wa Ujerumani, wakachora majani yaliyojiviringa juu ya chuma na kukitia dhahabu. Bastola kama hizo zililazwa katika makasha ya mbao yenye bitana ya mahameli, kila kifaa na kitako chake: kichupa cha baruti, kalibu ya kusubia risasi, na fataki. Makasha hayo yalitumwa kwa majenerali, mawaziri na wafalme.

Zawadi mbili ndizo zinazomfichua zaidi. Bastola moja iliyotiwa dhahabu alitunukiwa Sultani Abdülmecid wa milki ya Uthmaniya. Pacha wake alipewa Mfalme Nicholas wa Kwanza wa Urusi mwaka wa 1854. Wakati huo watawala hao wawili walikuwa wakipigana katika Vita vya Krimea. Colt hakumwombea yeyote ushindi. Aliwataka wote wawe wateja. Mwaka uo huo, kamati ya Bunge la Marekani ilichunguza tuhuma kwamba bastola za zawadi zilitumika kuwashawishi wabunge wairefushe hataza yake. Ombi lake liligonga mwamba.

Colt alifariki tarehe 10 Januari 1862 akiwa na umri wa miaka 47, akiacha utajiri mkubwa, huku nchi yake ikiteketea kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mjane wake, Elizabeth, aliihifadhi akiba ya silaha zake, na alipofariki mwaka wa 1905 akaiachia makavazi ya Wadsworth Atheneum, Hartford. Bastola ya Sultani sasa imo katika makavazi ya Metropolitan jijini New York. Ile ya Nicholas imo Hermitage, mjini St. Petersburg.

Wakusanyaji wa vitu vya kale huzienzi bastola hizi kwa ustadi wa nakshi na kwa ukamilifu wa makasha yake. Ustadi huo ni wa kweli, na unastahili sifa. Ila anayeyafungua makasha hayo akumbuke kwamba urembo wake ulikuwa chambo: kwa kila bastola iliyopambwa kwa ajili ya mkuu mmoja, Colt alitarajia kuuza maelfu yasiyo na pambo kwa askari wake.