Daktari Koch: Kutoka Kimeta Hadi Malale

Hapa Hagadera mfugaji yeyote anajua kimeta. Lakini ni nani aliyemfichua mdudu wake? Ni Robert Koch, Mjerumani aliyezaliwa 1843. Akiwa daktari wa wilaya tu, aliwakuza bakteria hao nyumbani kwake. Mwaka 1876 akaonyesha wanavyojigeuza kuwa mbegu ngumu zinazoishi udongoni miaka mingi. Ndiyo maana mzoga wa kimeta haupasuliwi! Mwaka 1882 akatangaza bakteria wa kifua kikuu, na 1905 akapewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1906 alikuja visiwa vya Sese, Uganda, watu wakifa kwa malale. Hapo mambo yalimgeukia. Seli ya bakteria ina ukuta kama ya mmea, ila haina kiini. Kumbe kijidudu cha malale si bakteria! Seli yake ina kiini, kama za wanyama na zetu, basi si rahisi kupata sumu ya kukiua kisha ituache sisi salama. Koch aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Wengi walipata nafuu, halafu ugonjwa ukarudi. Akaongeza kipimo, na baadhi yao wakapofuka kabisa. Sisi darasani tunasifu Nobel tu, hao vipofu hatuwataji.

Koch aliondoka 1907, akafariki kwao Ujerumani mwaka 1910.