Kabla ya Simba Palikuwa na Majani

Jina la Joy Adamson likitajwa, aghalabu watu humkumbuka Elsa, simba aliyelelewa Isiolo kuanzia mwaka 1956. Wachache hukumbuka kwamba umaarufu wa bibi huyo, aliyezaliwa katika dola ya Austria mwaka 1910, ulianza kwa kuchora mimea.

Alifika Kenya mwaka 1937. Peter Bally, aliyekuja kuwa mumewe, alikuwa mtaalamu wa mimea. Mmea ukikaushwa, jani hupoteza rangi na tunda hunywea. Kwa hiyo Joy alishika brashi, akavichora vingali vibichi. Mwaka 1947 alitunukiwa nishani ya dhahabu mjini London kwa kazi hiyo. Aliuawa Shaba, Isiolo, mwaka 1980.

Michoro yake ni somo tosha kwa anayeanza: kwanza atazame, kisha achore umbo la tunda na mpangilio wa majani, ndipo apake rangi. Mtoto asiyefunzwa kuutazama mmea hivyo, atawezaje kuulinda kesho? Shule zetu zisiidharau sanaa hii.