Dkt. John Kirk na Picha za Awali za Mji wa Unguja

Mkazi wa Muthurwa au Makongeni, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, huenda asijue kwamba asili ya mitaa hiyo inagusa maisha ya tabibu mmoja wa Scotland aliyependa mimea na kamera.

John Kirk alizaliwa mwaka 1832 karibu na Arbroath, akasomea udaktari Edinburgh. Mwaka 1858 alifuatana na David Livingstone katika msafara wa mto Zambezi, na huko akapiga picha. Mwaka 1860 mtumbwi wake ulikumbwa na maporomoko ya Kebrabasa. Madaftari na michoro yake ikazama.

Alifika Unguja mwaka 1866 akiwa daktari wa ubalozi mdogo wa Uingereza, kisha akapanda hadi kuwa balozi. Mji ulikuwa ukipanuka kwa biashara ya karafuu, pembe za ndovu na, ni lazima isemwe, watumwa. Kirk aliupiga picha: majengo yake, watu wake. Enzi hizo, kwa kawaida, kioo kilipakwa dawa, kikatiwa kamerani kingali kibichi, kisha kikasafishwa kabla hakijakauka. Mwanga ulihitaji muda kuingia. Aliyesimama tuli alibaki pichani. Aliyepita na mzigo kichwani aligeuka ukungu au akatoweka kabisa. Ndiyo maana mji uliojaa wapagazi waweza kuonekana katika picha za namna hiyo kama mahame, ilhali ni jasho la hao wasioonekana lililoukuza.

Jicho lililoutazama mji lilikuwa pia jicho la dola. Mwaka 1873 Kirk alimkabili Sultani Barghash kwa tishio la manowari kukizingira kisiwa, na mkataba wa kufunga soko la watumwa ukatiwa saini. Utumwa wenyewe uliendelea. Amri ya kuufuta kisheria Unguja ilitolewa mwaka 1897. Wanaompa Kirk sifa yote husahau kwamba tishio lilelile lilimzoesha Sultani kutii. Mwaka 1886 bara alilolidai Barghash liligawanywa baina ya Wajerumani na Waingereza, na mwaka huohuo Kirk akaondoka.

Mwaka 1895 aliingia katika kamati ya ujenzi wa Reli ya Uganda, iliyofika Nairobi mwaka 1899. Picha zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Alifariki Uingereza mwaka 1922, wakati serikali ya kikoloni ikiwahamishia Waafrika wa Nairobi mtaa mpya wa Pumwani.