Elias Howe na Tundu la Sindano

Wako wengi miongoni mwetu waliolelewa na cherehani. Sare, daftari na unga wa nyumbani vimetoka katika sindano ya mama, na siku cherehani inapogoma, jiko nalo hulala. Mimi hufundisha ushonaji hapa shuleni, na kila mwaka huwauliza wanafunzi wapya ni nani aliyeibuni mashine hii. Wengi hunijibu kwa jina waliloliona ubavuni mwake, yaani Singer. Bwana Singer ana sehemu yake, nami nitaitaja. Lakini muhula huu napenda kuwasimulia maisha ya Bwana Elias Howe, kwa sababu mtu akiyafahamu yale aliyoyafahamu yeye, cherehani haitambabaisha tena.

Elias Howe alizaliwa tarehe 9 Julai, 1819, huko Spencer, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Baba yake alikuwa mkulima mwenye kinu cha kusagia nafaka. Mtoto huyo alichechemea tangu utotoni, na kazi za shamba zilimwia nzito. Alipopata miaka 16 alikwenda mji wa Lowell kujifunza kazi ya mitambo ya kufumia nguo. Mwaka 1837 biashara iliharibika nchi nzima, viwanda vikafungwa, naye akahamia Cambridge. Baadaye aliajiriwa mjini Boston na Bwana Ari Davis, fundi wa vyombo vya mabaharia na vya wataalamu wa sayansi. Inasimuliwa kwamba humo kiwandani alisikia watu wakisema kuwa atakayebuni mashine ya kushona atakuwa tajiri. Maneno hayo yalimkaa moyoni.

Mwaka 1841 alioa, wakajaliwa watoto watatu. Mshahara wake ulikuwa dola 9 kwa juma, nao haukutosha. Mkewe akawa anawashonea watu nguo kwa malipo, na Howe, akirudi jioni amechoka, alikaa akiutazama mkono wake. Kwanza alijaribu kuunda mashine ya kuuiga mkono huo. Sindano yake ilikuwa na ncha pande mbili na tundu katikati, ipite katika kitambaa huku na huku. Haikufaa kitu. Hatimaye alitambua kwamba mashine haina lazima ya kushona kama mkono. Akalileta tundu karibu na ncha ya sindano, akatumia nyuzi mbili badala ya mmoja.

Tafadhali msomaji, tuliza akili hapa, maana siri yote iko katika jambo hili. Sindano hushuka na uzi wa juu hata chini ya kitambaa. Inapoanza kupanda, uzi hulegea kidogo na kufanya kitanzi. Katika cherehani ya Howe, chombo kidogo kilichobeba uzi wa pili, mfano wa kile cha mfuma nguo, kilipita ndani ya kitanzi hicho. Sindano ikarudi, uzi ukavutwa, na nyuzi mbili zikafungamana katikati ya kitambaa. Cherehani zetu za leo nyingi zina bobini na ndoana inayozunguka, lakini fundo ni lile lile.

Mwaka 1845 Howe alionyesha mashine yake mbele ya watu huko Boston, akashindana na wanawake watano hodari wa kushona kwa mkono. Aliwashinda wote. Cherehani yake ilipiga mishono ipatayo 250 kwa dakika moja. Tarehe 10 Septemba, 1846, serikali ilimpa hati ya haki ya uvumbuzi wake. Hata hivyo hakupata wanunuzi. Bei ilikuwa kubwa, na washonaji waliogopa kunyang'anywa riziki yao.

Ndugu yake, Amasa, akaipeleka mashine Uingereza, na Bwana William Thomas wa London akainunua pamoja na haki yake kwa pauni 250. Howe alimfuata huko kumfanyia kazi, lakini baadaye wakakosana. Akawatanguliza mkewe na watoto kurudi Marekani, naye akaweka rehani hati yake na mfano wa cherehani yake ili apate nauli. Alipofika mwaka 1849 alimkuta mkewe yu mahututi kwa kifua kikuu, na haukupita muda akafariki. Inasimuliwa kwamba mtu huyu, ambaye uvumbuzi wake ungevisha dunia, alikwenda kumzika mkewe kwa nguo za kuazima.

Wakati yuko ng'ambo, watu wengine walikuwa wameanza kutengeneza cherehani zenye mambo aliyoyabuni. Mmoja wao alikuwa Bwana Isaac Merritt Singer. Mwaka 1850, katika karakana moja ya Boston, Singer aliichunguza cherehani yenye kasoro, akaunda iliyo bora. Sindano yake ilisimama wima, kitambaa kililala mezani, mguu wa chuma ulikishikilia, na mashine iliendeshwa kwa kukanyaga. Howe akaenda mahakamani. Upande wa pili ulisema kwamba Bwana Walter Hunt wa New York alitangulia kuweka tundu kwenye ncha miaka ya 1830, na ni kweli alitangulia, lakini hakujipatia hati wakati ule. Mwaka 1854 Howe akashinda. Kuanzia hapo alilipwa ada kwa cherehani zilizotengenezwa na wengine, na fedha alizopata husemekana zilifika dola milioni 2. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tajiri huyo alijiunga na kikosi cha 17 cha Connecticut akiwa askari wa kawaida. Alifariki tarehe 3 Oktoba, 1867, akiwa na miaka 48 tu.

Sasa na tuone faida ya habari hii kwetu. Cherehani inapokataa, usianze kugeuza kila skrubu. Jiulize kwanza: kitanzi kimezuiwa na nini? Ikiwa inaruka mishono, itazame sindano. Huenda imepinda, ni butu, haikusukumwa juu kabisa, au imewekwa upande usio wake. Mfereji mrefu wa sindano uelekee kule uzi unakoingilia.

Ikiwa nyuzi zinajisokota rundo chini ya kitambaa, wengi hulaumu bobini, kumbe mara nyingi kosa liko juu. Inua mguu wa cherehani, utoe uzi wote, uutunge upya tangu mwanzo. Mguu ukiwa juu, vile visahani viwili vya kubana uzi hufunguka na uzi huingia kati yake. Usisahau kuupitisha katika mkono unaopanda na kushuka, maana huo ndio unaovuta na kukaza fundo. Uzi wa juu ukikatika mara kwa mara, legeza mkazo wake kidogo, kisha ujaribu kwenye kipande cha kitambaa kibovu. Ondoa vumbi la nyuzi karibu na bobini, utie tone la mafuta panapostahili. Wala usikivute kitambaa, maana utapinda sindano. Waachie kazi hiyo meno yaliyo chini yake.

Wazazi nao nawaomba jambo moja. Msiwafukuze watoto karibu na cherehani kwa hofu ya kuiharibu. Waonyesheni njia ya uzi, wavulana na wasichana, nao waifuate kwa kidole toka kigurudumu cha uzi hata tundu la sindano. Howe alianza kwa kukaa kimya akitazama mkono wa mkewe, na kutoka katika kutazama huko dunia ilipata cherehani.