Apolo Kivebulaya: Aliyerudi kwa Waliompiga

 

Wengi wetu tunalijua kwa moyo andiko la Mathayo 5:44, ambapo Yesu anatuagiza kuwapenda adui zetu na kuwaombea wanaotutesa. Asubuhi tunalisoma kanisani. Jioni tukikutana bombani na yule aliyetusingizia, tunageuza uso. Kwa hiyo tumeona vema tuwaletee maisha ya mtumishi wa Mungu aliyelitenda neno hili katika nchi ambayo wengi wetu tumeikimbia.

Apolo alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864. Hakuanza kama mtakatifu. Katika ujana wake alivuta bangi, na alipigana katika vita vya dini vilivyoigawa Buganda. Lakini alikuwa amesikia mafundisho ya mmisionari Alexander Mackay, na mbegu ile haikufa. Alibatizwa mwaka 1895. Jina la Kivebulaya, yaani kilichotoka Ulaya, watu walimpa kwa sababu ya koti jekundu la kijeshi alilolivaa juu ya kanzu yake.

Mwaka huohuo alitumwa Toro kuwa mwalimu, na mwishoni mwa 1896 akavuka Mto Semliki kwenda Mboga, ambayo sisi Wakongomani tunaiita Boga. Walimu wawili waliomtangulia, Petero Nsugerwa na Sedulaka Makwata, walikuwa wameondoka kwa njaa, maana chifu Tabaro aliwazuia watu wasiwape chakula. Apolo naye hakupokewa vizuri. Alifundisha habari ambazo chifu hakuzipenda, akapigwa vibaya.

Kisha likaja jaribu kubwa zaidi. Dada ya chifu alijikwaa akaangukia mkuki uliokuwa umelazwa katika majani, akafa. Lawama zote zikamwangukia Apolo. Alifungwa, akapelekwa Fort Portal kama mwuaji. Baadaye alisimulia kwamba katika siku zile za mateso alimwona Yesu aking'aa kama jua, akimtia moyo kwamba yu pamoja naye.

Wapendwa, tutafakari hapa. Mtu huyu alipoachiliwa alikuwa na kila sababu ya kurudi kwao Buganda akale matoke yake kwa amani. Nani angemlaumu? Lakini alirudi Mboga, kwa Tabaro yuleyule. Hakurudi kudai haki yake wala kusimulia jinsi alivyoonewa. Alirudi kufundisha. Na Tabaro, alipoona mtu aliyemtesa anarudi bila chuki, moyo wake ulivunjika. Alibatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Alitumika miaka mingi Toro, na mwaka 1915 akarudi Mboga, ambayo wakati huo ilikuwa imewekwa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Hakuoa. Mwaka 1922 alipewa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, lile tunaloliona hapa Kampala juu ya kilima. Hata hivyo hakuja kukaa mjini. Katika uzee wake aliingia msitu wa Ituri kwa Wambuti, watu ambao majirani zao waliwadharau, na Injili ya Marko ikatafsiriwa katika lugha yao.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi, ili watu wajue kwamba kazi bado inaendelea kwenda mbele.

Hatusemi haya kana kwamba Boga ni mahali pa hadithi tu. Usiku wa kuamkia 31 Mei 2021, saa chache baada ya siku ya kumkumbuka Apolo, watu zaidi ya 50 waliuawa kule Boga na Tchabi. Wako kati yetu waliotoka Ituri na makovu yao. Kwa hiyo hatumwambii mtu arudi mahali ambapo panga na risasi zinamngoja. Hata Yesu alichukuliwa na wazazi wake wakakimbilia Misri.

Lakini kuna kurudi kwingine ambako hakuhitaji kuvuka mpaka. Sisi tunaoandika haya tuliwahi kusingiziwa na ndugu wa kanisani kwamba tulikula fedha za msiba. Ukweli ulijulikana, lakini kwa karibu miaka miwili tulipita nyuma ya nyumba ili tusipite mlangoni kwake. Na Jumapili tulihubiri upendo! Siku tulipobisha hodi, tulikuwa na kilo moja ya unga wa posho mkononi na maneno machache sana mdomoni. Alitupa kiti. Kilichotuuma zaidi ni kwamba kiti kile kilikuwapo siku zote.

Ndugu mpendwa, juma hili ni mlango wa nani unaoupita kwa nyuma? Labda ni wa kabila jingine, labda ni wa shemeji yako. Usingoje moyo wako upoe kwanza. Chukua ulicho nacho, hata kidogo, ukabishe hodi. Bwana aliyekuwa na Apolo gerezani atatangulia mlangoni.

Mungu awabariki.